Mchora Katuni Naye Ni Mfanya Kazi

Ndugu Wanachama,

Wengi wetu tulishikapo gazeti pale kibandani, kwa chai ya asubuhi kabla ya kuingia kazini, hatuanzi na habari za Bunge. Twaanza na katuni. Mmoja hucheka, gazeti likapita kwa wa pili, mpaka meza nzima yacheka. Juzi niliuliza mezani, “Ni nani aliyeichora hii?” Tulikuwa watu saba, na hapana hata mmoja aliyejua. Jina lilikuwapo pembeni kwa herufi ndogo, lakini hatukupata kulisoma.

Jambo hili likaniingia moyoni, na ndiyo sababu naandika.

Marehemu baba yangu naye alikuwa mtu wa reli. Akirudi nyumbani Changamwe na Taifa Leo kwapani, sisi watoto tuligombania Juha Kalulu. Mwalimu wa misheni alitufundisha herufi, lakini Juha ndiye aliyetutia hamu ya kuzisoma. Aliyemchora ni Bw. Edward Gitau, aliyeianza kazi hiyo kabla ya uhuru na kuishikilia kwa miaka mingi sana. Tazameni ajabu hii: Juha, ambaye hakuzaliwa na mwanamke, watu wamjua. Gitau, aliyeinamia meza akimchora, ni wachache wamjuao.

Najua watakuwapo wasemao, “Huyu achezea kalamu tu, hiyo si kazi.” Ndugu zangu, maneno hayo hayo huambiwa mtu wa ishara za reli: ati kazi yake ni kukaa na kuvuta chuma. Siku akikosea ndipo watu hujua kuwa ni kazi. Mchora katuni wa gazeti la kila siku hana ruhusa ya kusema leo sina wazo. Mashine ya chapa yamngojea kama gari lingojeavyo bendera. Tena lazima achekeshe, aseme kweli, na asimkasirishe tajiri wake hata akafukuzwa. Ni nani kati yetu mwenye masharti matatu kama hayo kwa siku moja?

Tena watu hawa wamesema habari zetu. Mwaka 1973 Bw. Hilary Ng’weno na Bw. Terry Hirst, Mwingereza aliyekuja Kenya kufundisha, walianzisha gazeti la Joe. Joe hakuwa waziri wala tajiri. Alikuwa mtu wa kawaida wa mjini, mwenye mshahara mdogo na taabu nyingi, azichekaye taabu zake. Gazeti lile halikufika miaka ya 1980, lakini wazee waliolisoma bado walikumbuka.

Na maisha yao je? Bw. Frank Odoi alitoka Ghana akaja kufanya kazi Nairobi. Akachora Golgoti na Akokhan, akasomwa na watu wengi hapa na ng’ambo. Mwezi wa Aprili 2012 alikufa Nairobi katika ajali ya matatu. Msidhani basi kuwa jina gazetini ni gari la fahari mlangoni. Alisafiri kama tusafirivyo sisi, akafa kama wafavyo wengi wetu.

Bw. Godfrey Mwampembwa, tumjuaye kwa jina la Gado, alitoka Dar es Salaam akaanza kazi katika gazeti la Nation mwaka 1992. Alichora marais bila kuwapaka mafuta. Baada ya zaidi ya miaka 20, mwaka 2016 ikajulikana kuwa mkataba wake hautafanywa upya. Yeye alisema kuwa wakubwa walitia mkono. Na kijana Gideon Kibet, aitwaye Kibet Bull, aliyejulikana kwa picha zake za vivuli vyeusi za Rais, alitekwa Desemba 2024 akaonekana tena tarehe 6 Januari 2025. Mimi nauliza: siku zile mchoraji yule alipokuwa hajulikani alipo, ni matawi mangapi ya wafanya kazi yaliyokutana na kusema neno? Langu halikukutana.

Sasa niseme la aibu, nalo ni letu wenyewe. Wakati mmoja kijana wa mtaani alituchorea picha kwa ajili ya mkutano: mfanya kazi ameinama, na mgongoni mwake kumekaa mtu mnene na mfuko wa fedha. Picha ilipendwa. Ikatiwa katika matangazo, kisha katika fulana zilizouzwa. Kijana alipewa soda na asante. Jina lake halikuandikwa popote. Alipokuja kuuliza, aliambiwa kuwa ile ilikuwa kazi ya kujitolea. Mimi nilikuwa katika kamati ile, na nilinyamaza. Twamlaumu tajiri alaye jasho la mtu, kumbe nasi tukipata nafasi twala!

Labda mtu atasema, “Wachoraji ni vibarua, hawana umoja, tutawasaidiaje?” Na asome habari za mji wake. Januari 1947, wafanya kazi wapatao 15,000 walipogoma hapa Mombasa, wengi wa watu wa bandari walikuwa vibarua wa siku. Watu wa reli hawakusema, “Hao si wenzetu.” Walitoka pamoja, na Chege Kibachia akawa msemaji wao. Mtu haanzi na umoja. Huutafuta, na mwenzake humpa mkono.

Basi nataka mambo matatu yaletwe mbele ya mkutano mkuu. Kwanza, kila picha itakayotumiwa na Chama iwe na jina la mchoraji, tena kwa herufi zisomekazo. Pili, alipwe kabla picha haijapigwa chapa, na ikiuzwa katika fulana apate fungu lake. Tatu, mchoraji akitekwa au akifukuzwa kwa sababu ya kazi yake, Chama kiseme siku hiyo hiyo, kama kingesema kwa ajili ya dereva au fundi wa reli.

Na yule kijana wetu aitwe, alipwe deni lake. Fungu langu nimekwisha kuliweka kwa mweka hazina.

Ni mimi mwenzenu wa reli,
Changamwe.