Maji ya Kilimanjaro Hayatoki Kwenye Theluji

Mto ukipungua maji Moshi au Hai, lawama huenda moja kwa moja kileleni: theluji inayeyuka, ndiyo maana maji yanaisha. Utayasikia hayo vijiweni, madarasani na kwenye majukwaa ya wakubwa. Si kweli. Na ubaya wa imani hii ni kwamba inatukalisha tukiiombolezea barafu huku msitu, ambao ndio mama wa maji yetu, ukiteketea.

Barafu inapungua, hilo halina ubishi. Mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Leo hazifiki hata 2. Inauma, na ningetamani wajukuu wetu waikute. Lakini haijawahi kuwa tangi la maji la Wachaga wala la bonde la Pangani. Kule juu, karibu mita 5,900, hewa ni kavu na jua ni kali, kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke bila hata kuwa maji kwanza. Kinachoanguka kileleni kwa mwaka mzima, mvua na theluji pamoja, ni haba kuliko mvua ya Dodoma. Shuka sasa upande wa kusini hadi mita 2,200 hivi: huko mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, na huko ni msituni. Msitu huo, wenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 1,000, ndiko yanakotoka zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za maji ya mlima. Mito ya Karanga, Weruweru na Kikafu inaishi kwa huo. Mifongo, yaani mifereji ya jadi, inayonywesha migomba na kahawa vihambani inaishi kwa huo. Bwawa la Nyumba ya Mungu, na umeme wa Hale na Pangani huko chini, vivyo hivyo. Hata vinamasi vya Amboseli, ng'ambo ya mpaka, vinalishwa na maji yanayopita ardhini kutoka mlima huu.

Sehemu iliyo hatarini zaidi ni ukingo wa juu wa msitu, kwenye miti ya erika iliyovikwa kuvumwani. Miti hii haingoji mvua. Ukungu unapopita, matawi yanaunasa, nao unadondoka chini tone kwa tone hata siku ambazo hakuna wingu la mvua. Moto ukipita hapo, panaota vichaka vifupi visivyoweza kazi hiyo, na vichaka vinaungua tena kabla miti haijarudi. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016 ilitaja hekta 13,000 za msitu zilizopotea tangu 1976. Kisha ukaja moto wa Oktoba 2020, na mwingine wa Oktoba 2022.

Nitaambiwa kwamba tabianchi ndiyo iliyoukausha mlima hadi ukashika moto upesi. Ni kweli, na ndiyo sababu barafu na msitu vinaumia pamoja. Ila nyasi kavu haziwashwi na joto la dunia. Huwashwa na mrina asali aliyeacha moshi wake bila kuuzima, na jangili, na mpishi wa kambi, na mfugaji anayetaka majani mapya. Hapo ndipo imani ya theluji inapotupendeza. Kwa barafu, mkosaji yuko mbali, kwenye viwanda vya Ulaya, Marekani na China, na hapa hakuna wa kuulizwa. Kwa msitu, wa kuulizwa wapo: halmashauri, hifadhi, bodi ya maji ya bonde la Pangani, na sisi wenyewe.

Kulikuwa na utaratibu wa kuwashika mkono majirani wa mlima. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa Nusu Maili chini ya uangalizi wa Wachaga wenyewe, wapate kuni na majani ya ng'ombe bila kuuingia msitu wa ndani. Baada ya uhuru uangalizi ulihama mkono hadi mkono, na ukanda ukachakaa. Mwaka 2005 msitu ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa, na majirani wakajikuta nje ya mpaka. Ukimnyima mtu haki ya msitu, usimtegemee akimbie na panga usiku kwenda kuzima moto wake.

Kwa hiyo wanaochuma kwa mlima walipe walinzi wake. Wapo wazalishaji wa umeme, wapo wenye mashamba makubwa ya miwa bondeni, zipo ada za maelfu ya wapandaji. Sehemu ya fedha hizo iende kwenye vikosi vya moto vya vijiji vya Rombo, Marangu, Kibosho na Machame, vipewe viatu, redio na posho, na barabara za kuzuia moto zisafishwe chini ya ukanda wa erika. Na posho hizo zitoke mwezi Julai, kabla nyasi hazijakauka, si Oktoba wakati moshi umeshaonekana kutoka Moshi mjini.