Yanayosikika Chumba cha Pili



Baadhi ya akina mama wametuuliza kuhusu zile filamu za muziki na mapenzi ya ujanani ambazo watoto wao huzitazama usiku katika simu: je, zina lolote la kumfaa mzazi? Hukumu ya muziki tumekwisha kuizungumza, hatutairudia. Leo twaichukua filamu moja, Sing Street, ya mwongozaji John Carney wa Ireland, iliyotoka mwaka 2016.

Kisa chatokea Dublin mwaka 1985, wakati ambapo kazi ni adimu na vijana wanavuka bahari kwenda London. Conor ana miaka 15. Mwanzoni twamwona chumbani na gitaa lake, na ng'ambo ya ukuta baba na mama watupiana maneno. Naye ayadaka maneno yale na kuyaimba.

Pesa zimepungua, basi ahamishiwa skuli ya Synge Street, ya watawa wa Kikristo. Mkuu wa skuli hataki ila viatu vyeusi. Conor ana vya kahawia, na uwezo wa kununua vingine haupo, hata akatembea skulini kwa soksi. Mbele ya skuli amwona Raphina, msichana amzidiye umri kidogo, akamwambia kuwa ana bendi. Bendi hana; sasa yambidi aiunde!

Wako watakaosema kijana amepotezwa na msichana. Sisi twaona moyo wake ulikuwa umekwisha kuhama nyumbani kabla hajamwona. Raphina naye baba yake amefariki, mama yake ni mgonjwa wa akili, na yeye akaa katika nyumba ya kulelea wasichana. Binti asiye na wa kumuuliza anakwenda wapi, mtu mzima akimwahidi London, atamwamini nani?

Katika Ireland ya siku zile talaka ilikatazwa na katiba, mpaka wananchi walipopiga kura mwaka 1995. Wazazi wa Conor hawawezi kuachana wala hawakai kwa wema. Sisi talaka tunayo, na masharti yake, na wapatanishi wa pande mbili. Na bado ziko nyumba zetu ambamo mtoto hulala amejifunika mto masikioni.

Ipo sehemu moja tuipendayo kuliko zote. Brendan, kaka mkubwa, amwonyesha Conor mama yao dirishani. Kila jioni akitoka kazini huharakisha kuketi kizingitini, apate jua kidogo kabla halijapotea. Alitamani siku moja apelekwe Hispania. Watoto wameliona hilo; mumewe halimshughulishi.

Na huyu Brendan ndiye aliyebeba malezi. Aliacha masomo, hana kazi, lakini ndiye anayemketisha mdogo wake na kumsikiliza. Siku moja ghadhabu zampanda, amwambia kuwa yeye ndiye aliyetangulia kuupita msitu wa wazazi wao, na Conor akapita katika njia iliyokwisha kufyekwa.

Mwisho wake hatuukubali. Conor na Raphina waingia katika mashua ndogo, bahari imechafuka, waelekea Uingereza bila ya idhini ya mzazi yeyote. Brendan ndiye aliyewafikisha bandarini kwa gari. Abaki pale ufukweni peke yake, afurahi kwa sauti kubwa, na baada ya hapo yatokea maandishi ya kuitunuku filamu kwa ndugu wa kiume popote walipo.