Neno "Sahihi" Lisitolewe kwa Haraka

Mwalimu atamkapo neno "sahihi" mbele ya darasa, aghalabu hudhani kwamba amethibitisha elimu ya mtoto. Kwa maoni yetu, neno hilo likitoka mapema mno humfunza mtoto jambo moja tu, nalo ni kuusoma uso wa mwalimu. Fikra hii hatukuipata katika vitabu vya saikolojia ya elimu tunavyovitumia chuoni. Tuliipata, na hatuoni haya kukiri, katika mchezo wa kompyuta.

Mchezo wenyewe waitwa Return of the Obra Dinn. Uliundwa na Mmarekani Lucas Pope, ukatolewa mwaka 2018. Habari yake ni hii. Merikebu ya biashara iitwayo Obra Dinn yaondoka London mwaka 1802 kwenda nchi za mashariki. Haifiki Rasi ya Tumaini Jema kama ilivyotarajiwa, nayo yahesabiwa kuwa imepotea. Mwaka 1807 yaonekana ikielea karibu na bandari ya Falmouth, Uingereza, bila ya mtu hai ndani yake. Mchezaji ndiye mkaguzi wa bima wa Kampuni ya India Mashariki, naye hutumwa kuchunguza yaliyotokea.

Mkaguzi huyo hupewa kitabu chenye orodha ya watu 60, picha zao zilizochorwa kwa mkono, na ramani ya merikebu. Hupewa pia saa ya mfukoni ya kimiujiza. Akiielekeza saa hiyo kwenye mabaki ya maiti, husikia maneno yaliyosemwa kabla ya kifo, kisha huingia katika nukta ile ya kifo ikiwa imeganda kama picha, akazunguka na kutazama kila upande. Kazi yake ni kueleza kila mtu alikuwa nani, alipatwa na nini, na ikiwa aliuawa, aliuawa na nani.

Majina hayatolewi bure. Mabaharia wachache huitwa kwa majina wakati wa mazungumzo. Wengine hawana budi kutambuliwa kwa lafudhi zao, kwa mavazi yao, kwa nambari ya kitanda cha kuning'inia, kwa viatu walivyovaa, au kwa rafiki wanaoandamana nao. Tena, picha ya mtu hubaki na ukungu mpaka ushahidi wa kumtambua upatikane. Yaani mchezo humwambia mchezaji waziwazi: usijibu bado, hujapata ya kujibia.

Lakini lililotushika zaidi ni kanuni ya kusahihisha. Mchezaji akiandika jawabu moja, hata likiwa la kweli, kitabu hunyamaza. Huthibitisha pale tu yanapopatikana majawabu matatu ya kweli kwa pamoja. Faida yake yaweza kuonyeshwa kwa hesabu nyepesi. Katika swali lenye majibu matatu ya kuchagua, mbahatishaji hupata mara 1 katika 3. Akitakiwa kupata maswali matatu ya namna hiyo kwa pamoja, bahati yake hushuka hadi mara 1 katika 27. Basi kufikiri kwawa njia fupi kuliko kubahatisha.

Hata hivyo, hatuna budi kusema kweli yote. Usiku mmoja tulikuwa na hakika ya mabaharia wawili. Kwa wa tatu tulichoka, tukawa twabadilisha jina baada ya jina mpaka kitabu kikakubali. Jina likathibitishwa, lakini mtu yule hatukumjua. Tulilijua jina lake kama kasuku alijuavyo neno. Tulizima mashine bila furaha yoyote, na papo hapo tukamkumbuka mtoto mmoja.

Mtoto huyo tulimkuta darasa la sita, tulipokwenda kumkagua mwanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha. Ubaoni palikuwa na swali: robo tatu jumlisha moja ya nane, na majibu matatu ya kuchagua, 4/12, 3/32 na 7/8. Mtoto alisimama akataja la kwanza. Mwalimu akakunja uso. Akataja la pili. Mwalimu akatikisa kichwa. Akataja la tatu. "Sahihi! Mpigieni makofi." Darasa zima likapiga makofi, nasi katika fomu yetu ya ukaguzi tukaandika kwamba wanafunzi walishiriki vizuri. Baada ya kipindi tulimwuliza mtoto amejuaje. Akajibu kwa adabu, "Lilikuwa limebaki hilo tu, mwalimu."

Kosa lile halikuwa la mtoto, wala la mwanachuo peke yake. Lilikuwa letu sisi wakufunzi tuliomfunza mwanachuo kuhesabu mikono iliyonyooshwa na makofi yaliyopigwa. Yeye alitupa tulichomwomba.

Tangu hapo, katika masomo yetu ya mbinu, twawataka wanachuo wajaribu utaratibu huu. Mwalimu atoe maswali matatu yanayohusiana, jepesi likitangulia. Wanafunzi wajadiliane wawili wawili na kuandika majibu pamoja na sababu zake. Mwalimu apite kimya, asikunje uso wala asitabasamu, na aseme "sahihi" pale tu yote matatu yatakapotimia. Yasipotimia, asitaje lililokosewa, aulize tu, "Mmejuaje?"

Wapo wenzetu watakaosema kwamba darasa la watoto 80 haliruhusu jambo hili, na kwamba muhtasari wa masomo hausubiri. Hoja hiyo ni nzito na hatuidharau. Utaratibu huu hula muda. Lakini muda unaookolewa kwa makofi ya upesi hulipwa baadaye, mwalimu anapolazimika kufundisha sehemu upya kwa watoto waliokwisha kupigiwa makofi.

Wengine watauliza juu ya mtoto mzito, je, kimya hicho hakitamkatisha tamaa? Chaweza. Hapa ndipo mchezo na mwalimu wanapoachana. Kitabu cha Obra Dinn hunyamaza kwa wote sawasawa, kwa kuwa hakimjui anayekisoma. Mwalimu amjua mtoto wake. Ajua ni nani wa kumwachia kimya, na ni nani wa kumwinamia na kumwonyesha tena ushahidi. Kimya cha mwalimu kiwe cha kumngoja mtoto, kisiwe cha kumtupa.

Hatumwombi mwalimu yeyote anunue kompyuta. Twamwomba kesho, katika kipindi kimoja tu, alizuie neno "sahihi" ulimini kwa dakika chache, auzuie na uso wake, kisha amsikilize mtoto akieleza alivyojua. Atakachokisikia huenda kikamuudhi. Lakini huko ndiko kufundisha kunakoanzia.