Je, Yafaa Kumwita Mtu Mwizi?

Bwana Mhariri alipotutaka sisi wa darasa la juu tuandike lolote kabla ya kuaga shule, wenzangu wengi walichagua habari za safari na michezo. Mimi naomba nafasi kidogo niseme juu ya neno moja tulitumialo kila siku mabwenini, nalo ni "mwizi". Najua si neno la kupendeza gazetini, lakini limo vinywani mwetu.

Mwaka jana mvulana mmoja wa kidato cha pili alifungua sanduku la mwenzake akachukua shilingi 15,000 na kopo la sukari. Alipoulizwa alikiri. Alirudisha fedha, akafyeka nyasi za uwanjani majuma mawili, na wakubwa wa shule wakasema shauri limekwisha. Kwao lilikwisha kweli, lakini bwenini ndipo lilipoanza. Jioni ile alipoingia kulala, mtu mmoja alishika kufuli la sanduku lake akalitikisa. Wengine wakacheka, nao wakatikisa ya kwao. Tangu siku hiyo akaitwa "Kufuli", na kila aingiapo, makufuli yalilia bweni zima. Mtu yule wa kwanza alikuwa mimi, nami nilikuwa kiranja.

Muhula haukwisha kabla hajafunga godoro lake akaenda zake nyumbani, wala hakurudi.

Ndugu msomaji, najua utanijibu kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nakubali. Watu hawawezi kuishi pamoja bila kuonyana. Mfaransa Émile Durkheim aliandika mwaka 1895 kwamba hata katika jamii ya watakatifu watupu makosa yangekuwako, ila vijikosa vidogo vingehesabiwa kuwa vikubwa. Sisi tuishio kwa kengele ya kanisa twajua kwamba alisema kweli, maana hapa kwetu kuchelewa sala ni habari ya juma zima. Basi hapana budi tuonyane. Ninalouliza mimi ni namna ya kuonyana.

Mmarekani Travis Hirschi, katika kitabu chake cha mwaka 1969, aligeuza swali tulilolizoea. Hakuuliza kwa nini watu wengine huvunja sheria, bali kwa nini wengi hawaivunji. Aliwachunguza vijana wa shule huko California, akaeleza kuwa kijana huzuiwa na kamba zimfungazo kwa wenzake. Alitaja nne: kuwapenda watu na kujali wamwonavyo, kuwa na tumaini la maisha ambalo anaogopa kulipoteza, kuwa na shughuli, na kuamini kwamba sheria yastahili kutiiwa.

Sasa tazama tulivyomfanyia mwenzetu. Marafiki walimkimbia, kwani nani angekaa na Kufuli? Tumaini la masomo lilimtoka. Katika mpira hakuna aliyempa pasi, basi akaacha kwenda uwanjani. Na sheria angeiheshimuje, naye amekwisha kulipa deni lake na bado anadaiwa? Kamba zote nne tulizikata sisi wenyewe, tena tukidhani twailinda shule.

Mwanachuoni wa Australia, John Braithwaite, aliandika mwaka 1989 kwamba aibu ni ya namna mbili. Iko aibu inayomwambia mtu, "Tendo lako ni baya, nawe u wetu, litengeneze urudi." Na iko inayomwambia, "Wewe ndiwe ubaya, toka." Ya kwanza hupunguza makosa. Ya pili humsukuma mtu kwa wale wasiomcheka, nao mara nyingi ni wakosaji wenziwe.

Niliposoma hayo nilimkumbuka babu yangu, ambaye hakusoma kitabu hicho. Sisi Waacholi, mtu wetu aliyetoka mbali baada ya mambo mazito hukanyaga yai bichi mbele ya jamaa zake kabla ya kuingia nyumbani. Vijana wengi waliotekwa wakapelekwa porini katika vita vya kaskazini walipokewa hivyo waliporudi. Na pale damu ilipomwagika baina ya koo mbili, iko mila ya mato oput. Kwanza ukweli husemwa na fidia hutolewa, kisha pande zote mbili hunywa pamoja dawa chungu ya mzizi wa mti. Sisemi kwamba mila hizo zaponya kila kidonda. Nasema wazee walijua kwamba ni lazima pawe na siku ambayo watu wote wanaona kuwa shauri limefungwa.

Hata Serikali yetu ya Uganda imelifahamu jambo hili. Kwa sheria ya mwaka 2000, mwenye kosa dogo aweza kupewa kazi ya manufaa kwa watu wote badala ya kifungo, kwa muda usiozidi miezi 6. Humaliza kazi akarudi kwao. Lakini barabarani sauti ikipaa "Mwizi! Mwizi!" hakuna aulizaye sheria, na taarifa za polisi hutaja mamia ya watu wauawao na makundi kwa mwaka mmoja. Sidhani wale warushao mawe walijifunza siku ile. Nahofu walianza kama sisi, kwa kucheka.

Wengine watasema nawatetea wezi na kumsahau aliyeibiwa. La, hasha! Aliyeibiwa na alipwe kwanza, na mkosaji aadhibiwe. Lakini adhabu ikiisha, kiranja alitangaze hilo bwenini kama alivyotangaza kosa, na atakayelirudia jina la ubaya ahesabiwe kuwa mkosaji yeye. Nanyi wazee wetu mliosoma hapa, ambao leo mnaajiri watu na kuketi katika mabaraza ya mitaa, kijana akija kwenu na barua yenye doa, muulizeni amefanya nini tangu siku ile.

Likizo iliyopita nilimkuta mwenzetu kwenye kituo cha mabasi akipakia mizigo ya abiria. Aliniamkia kwa jina langu, akaniuliza habari za shule. Nilipotaka kumjibu, jina lililonijia mdomoni lilikuwa Kufuli. Lile alilobatizwa lilichelewa. Nilimwomba radhi palepale. Akasema, "Yamepita," kisha akapanda juu ya basi kufunga turubai.

Mimi naondoka shuleni mwaka huu. Makufuli nawaachia ninyi. Asiyekubaliana nami, na aandike katika toleo lijalo.