Mgonjwa wa Saratani Asihukumiwe Kazini

Tuchukue mfano wa mwalimu aliyefundisha hesabu kwa miaka 20. Anapatwa na saratani ya matiti, anatibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na daktari anamruhusu kurudi kazini. Anapofika shuleni anakuta vipindi vyake vimekwisha gawiwa wenzake, na yeye amepangiwa kutunza stoo ya vitabu. Hakuna aliyemwuliza kama anaweza kufundisha. Anaambiwa tu, kwa sauti ya upole, "Pumzika, Mama, wewe ni mgonjwa."

Ubaguzi hauachi kuwa ubaguzi kwa sababu umevikwa joho la huruma. Mwalimu huyo amenyang'anywa kazi yake bila kosa na bila kusikilizwa.

Katiba yetu, katika ibara ya 22, inatamka kuwa kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi, na imeutaja UKIMWI na ulemavu waziwazi. Saratani haikutajwa kwa jina. Lakini je, kiongozi mwenye utu anahitaji kusubiri jina la ugonjwa liandikwe katika sheria ndipo atende haki? Taifa hili lilijifunza kwa uchungu kwamba kumtenga mwenye virusi vya UKIMWI hakukuzuia maradhi, bali kuliwafanya watu wafiche hali zao. Hapana budi somo hilo litumike na hapa. Mtumishi anayeogopa kupoteza cheo chake atauficha uvimbe, na atafika hospitali ugonjwa umekwisha komaa.

Wapo pia wanaomkwepa mgonjwa kwa kutojua. Saratani haiambukizwi kwa kushirikiana meza, kikombe wala chaki. Na mgonjwa aliyechomwa kwa mashine ya mionzi ya nje habaki na mionzi hiyo mwilini.

Wakuu wa kazi watasema kwamba kazi lazima iendelee na wanafunzi hawawezi kukaa bila mwalimu. Hoja hiyo ni ya kweli, nasi hatuipuuzi. Lakini sheria hiyo hiyo ya mwaka 2004 ililiona jambo hilo, ikampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Likizo hiyo ni haki, wala si fadhila ya mkuu wa idara. Aidha, si kila anayetibiwa hulazwa. Wapo wanaopata dawa kila baada ya wiki kadhaa, na katikati ya zamu hizo huweza kufanya kazi, ikiwa ratiba itapangwa kwa busara.

Yanayotakiwa hayahitaji fedha nyingi. Mkuu wa kazi amwulize mtumishi mwenyewe anaweza kufanya nini, na afuate ushauri wa daktari. Barua ya hospitali isiwe gazeti la kusomwa na kila apitaye masijala. Mgonjwa asihamishiwe mbali na hospitali inayomtibu. Na likizo ya ugonjwa isigeuzwe kuwa sababu ya kumnyima mtu kupandishwa cheo. Vyama vya wafanyakazi navyo visimame upande wa mwanachama wao tangu siku ya kwanza, visingoje mpaka barua ya kumwachisha kazi iwe imeandikwa.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea dharau na uonevu wa viongozi kwa wale wanaowaongoza. Mafundisho hayo hayajachakaa. Cheo ni dhamana, na dhamana hiyo hupimwa pale mtumishi anapokuwa dhaifu. Anayegawa vipindi vya mgonjwa leo na akumbuke kwamba hujafa hujaumbika. Amrudishie mwalimu chaki yake.