MANUKATO YA MABWANA NA KILIO CHA MSANDALI

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muhula uliopita niliyaona hayo bwenini kwa macho yangu mwenyewe, au niseme kwa pua yangu. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka likizoni na kichupa kidogo cha manukato ya wanaume, zawadi ya mjomba wake aliye ng'ambo. Alijipulizia mara moja tu shingoni. Lo! Haikuwa ile harufu kali ya kuwasha pua tuliyoizoea. Ilikuwa laini, tulivu, tamu kama maziwa yaliyotoka tu kuchemshwa. Vijana walipanga foleni kama siku ya nyama!

Mimi nami nilinyoosha shingo, sikatai. Lakini baadaye nilijiuliza: harufu hii hutoka wapi?

Kusema kweli, ulaini wa namna hiyo ndio sifa ya msandali. Kwa karne nyingi watengenezaji wa manukato walitegemea msandali wa India, hasa ule wa Mysore. Miti hiyo ilipoadimika na bei ikapanda, wafanyabiashara waligeuza macho huku kwetu. Sisi tuna msandali wetu, uitwao na wataalamu Osyris lanceolata, na Wamaasai huuita olosesiai. Humea katika nchi kavu zenye mawe, kama vile Samburu na Kajiado.

Hapa ndipo msiba ulipo. Mafuta ya mti huu hukaa ndani ya shina na katika mizizi. Kwa hivyo mwizi wa msandali hakati tawi akaenda zake. Anang'oa mti mzima na kuacha shimo! Isitoshe, mti huu una dume na jike, kila mmoja peke yake. Ukimaliza majike, mbegu zitatoka wapi? Mwaka wa 2007 Rais Mwai Kibaki alipiga marufuku uvunaji wake, na mwaka wa 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Hata baada ya hapo, malori yenye magogo yameendelea kunaswa.

Najua wapo watakaosema, "Wee, acha wivu! Hata wewe ungekuwa nacho ungejipulizia." Sawa. Kunukia si dhambi. Ndugu zetu wa Pwani wamefukiza udi na kujipaka liwa tangu enzi za mababu. Tena sisemi kwamba kila chupa ina mti wetu ndani yake. Siku hizi harufu ya msandali hutengenezwa pia katika maabara, bila kung'oa hata mche mmoja. Hiyo ndiyo sababu nasema wizi huu hauna udhuru. Mchungaji anayechimba mizizi juani hupewa vijisenti, mlima wake unabaki uchi, na faida inakwenda mbali kabisa. Je, huo ni ungwana?

Maoni yangu ni haya. Kwanza, anayeuza manukato ya msandali aseme mti wake ulitoka wapi, na anayenunua aulize. Pili, tuupande wenyewe. Si kazi rahisi, maana mizizi ya msandali hushika mizizi ya miti jirani ili ipate chakula, kwa hivyo lazima upandwe pamoja na wenzake. Chama chetu cha Mazingira kina kitalu nyuma ya maabara. Mbona tusijaribu, kwa idhini ya maofisa wa misitu?

Wenzangu, uanaume si chupa ya bei ghali. Oga, fua shati lako, kisha ukipata manukato, jipulizie kwa amani ukijua hakuna mlima uliolia kwa ajili yako. Msandali wetu bado haujaisha, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.