Twafunga kwa Ajili ya Nani?

Natoa maoni yangu juu ya jambo linalotuhusu sana sisi wasichana wa bweni, nalo ni kufunga.

Mwezi wa Februari 2026 Ramadhani na Kwaresima zilianza katika wiki moja. Bwalo letu lilikuwa kimya mchana, na Waislamu kwa Wakristo tulitiana moyo. Jambo hilo lilinifurahisha. Lakini upesi nilitambua kwamba hatukuwa tukifunga sote kwa sababu moja. Baadhi ya wenzetu Waislamu waliacha daku kwa makusudi, ingawa dini yao yahimiza kula daku. Baadhi yetu Wakristo tuliacha chakula cha mchana na cha jioni pia, tukasema ni toba. Kumbe wengi walitaka kuwa wembamba.

Rafiki yangu mmoja alianguka mstarini asubuhi. Matroni alimletea uji, naye akaukataa akisema amefunga. Nani atabishana na mtu aliyefunga? Usiku aliniambia kweli yake: alitaka kupunguza kiuno kabla ya mahafali. Ndani ya Biblia yake aliweka uzi wa kujipimia, nao ulikuwa na fundo kwa kila juma. Niliona haya, kwa maana ni mimi niliyemwambia siku chache nyuma, "Umependeza siku hizi, umepungua." Ameniruhusu kuandika habari hii bila kutaja jina lake.

Dini zetu hazikuamuru hivyo. Katika Uislamu funga haiwi funga bila nia, na mgonjwa ameruhusiwa kula, alipe siku zake akipona. Katika Kanisa Katoliki sheria ya kufunga huwashika wenye umri wa miaka 18 hadi 59, na wengi wetu hatujaufikia umri huo. Yesu alifundisha kwamba afungaye asijionyeshe mbele ya watu. Hata Mtakatifu Katarina wa Siena, aliyefariki mwaka 1380 akiwa na miaka 33 tu, alihimizwa na padre wake ale, kwa kuwa alikuwa karibu kuacha chakula kabisa.

Kadhalika, somo la Biolojia latufundisha kwamba msichana hupoteza madini ya chuma kila mwezi, na asipokula vya kutosha hupungukiwa na damu. Njaa ya muda mrefu yaweza hata kusimamisha hedhi.

Labda mtu atauliza, kuna ubaya gani kufunga na kupungua pia? Hapana ubaya, ikiwa kupungua kumekuja kwenyewe. Ubaya ni kumfanya Mungu kuwa kisingizio, ili asitokee mtu wa kutuuliza tunafanya nini na miili yetu. Bibi zetu wengi waliwasifu wasichana walionona. Leo picha za kwenye simu zasifu wembamba. Vipimo vya watu hubadilika, wala hakuna kimoja kilichoshuka kutoka mbinguni.

Basi, ndugu zangu wanafunzi, tuache kusalimiana kwa unene na wembamba. Walimu wetu, mkimwona msichana amedhoofika katika mfungo, mwulizeni kwa upole, faraghani. Nanyi wazazi, tukirudi likizo, neno lenu la kwanza lisiwe "umenenepa" wala "umekonda", bali mtuulize habari zetu.

Rafiki yangu sasa anakunywa uji. Kama uzi ule ungalimo katika Biblia yake, sijui, wala sijamwuliza. Lakini mimi nimeacha kumsifu kwa kupungua.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne